Benki Ikikata Pesa Isivyo Haki: Jinsi ya Kuzidai

SOMO LA VIKUNDI



Vikundi vingi vinajua sana kuweka pesa. Kila wiki mama anatoa shilingi mia yake, mweka hazina anaandika kwenye daftari, na pesa zinapelekwa benki. Lakini ni vikundi vichache vinavyojua kusoma karatasi ambayo benki inawapa baadaye. Wahenga walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali. Makato madogo madogo ya benki yanaweza kumaliza jasho la watu wengi bila mtu kugundua.

Jambo hili lina ubaya mwingine. Pesa zikipungua, mtu wa kwanza kushukiwa si benki. Ni mweka hazina. Wako wanawake na wanaume waaminifu ambao wamepoteza jina lao kijijini kwa sababu hesabu ya daftari haikulingana na hesabu ya benki, na hakuna aliyejua kueleza tofauti imetoka wapi. Kwa hiyo somo hili linahusu pesa, na pia linahusu umoja wa kikundi.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwisho wa somo hili, wanakikundi waweze:

1. Kusoma taarifa ya akaunti yao (ile watu wanaita stetimenti) na kutambua kila makato.
2. Kutofautisha makato ya haki na yale yasiyo ya haki.
3. Kuandika barua ya kudai pesa zirudishwe.
4. Kujua pa kwenda kama benki inakataa.

Muda: mikutano miwili, kila mmoja saa moja na nusu. Vifaa: daftari la kikundi, taarifa ya akaunti ya mwaka mmoja, karatasi kubwa na kalamu.

IGIZO FUPI

Chagueni watu watatu waigize mbele ya wengine. Mmoja awe mwenyekiti, mmoja mweka hazina na mmoja mzee ambaye ni mwanachama.

MWENYEKITI: Mama Hazina, hebu tusomee hesabu ya mwaka.

MWEKA HAZINA: Tulianza Januari na shilingi 3,000. Tuko watu 20, kila mtu shilingi 100 kwa wiki, wiki 52. Hizo ni 104,000. Tukatoa 20,000 mwezi wa nane tukanunua viti. Kwa daftari langu tunapaswa kuwa na 87,000.

MZEE: Na benki wanasema ngapi?

MWEKA HAZINA: Wanasema 82,430.

MZEE: Sasa hizo zingine zimeenda wapi, mama? Sisi hatukukutuma uzitoe.

MWEKA HAZINA: Mimi sikutoa hata shilingi, mzee wangu. Ati nilipouliza pale kaunta, kijana akaniambia ni "chaji za kawaida".

MZEE: Za kawaida namna gani? Kwani chaji haina jina?

(Waigizaji wanyamaze hapo. Wasimalize ugomvi.)

Sasa mwongozaji aulize: Mmeona nini? Je, jambo hili limewahi kutokea hapa kwetu? Ni nani anayeumia? Mzee amekosea kuuliza? Kijana wa kaunta angejibu vipi?

Acheni watu waongee kwa dakika 15 hivi. Msiharakishe. Halafu endeleeni na somo.

SEHEMU YA KWANZA: HIZO PESA ZILIENDA WAPI?

Tofauti ni shilingi 87,000 kutoa 82,430, yaani shilingi 4,570. Tuseme kikundi kimeomba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima na kimepitia mstari kwa mstari. Wamepata haya:

– Ada ya akaunti ya kila mwezi, shilingi 150 mara 12: shilingi 1,800
– Ujumbe wa simu, shilingi 60 mara 12: shilingi 720
– Faini ya Januari kwa sababu salio lilikuwa chini ya kiwango: shilingi 300
– Ada ya kutoa pesa mwezi wa nane, shilingi 200, lakini imeandikwa mara mbili siku ile ile: shilingi 400
– Bima ya mkopo, shilingi 450 mara 3: shilingi 1,350. Mkopo wenyewe ulimalizwa mwaka uliotangulia.

Jumla: shilingi 4,570. Sasa hakuna tena siri. Mweka hazina amesafishwa jina. Na kikundi kinaona wazi kwamba makato hayo ni kama mwanachama mmoja achange kwa karibu wiki 46, na mchango wake wote uishie benki.

Kumbukeni, kazi hii ya kutafuta haikuhitaji wakili wala mhasibu. Ilihitaji karatasi, miwani na subira. Mali bila daftari hupotea bila habari.

SEHEMU YA PILI: NI MAKATO GANI YASIYO YA HAKI?

Hapa lazima tuwe wakweli. Si kila makato yanayouma ni dhuluma. Benki ni biashara, na ina haki ya kulipwa kwa huduma uliyoiomba kwa bei uliyoambiwa. Kama uliomba kitabu cha cheki, utakilipia. Kama uliandika cheki na akaunti haina pesa, cheki itarudishwa na utatozwa. Ushuru wa serikali unaokatwa juu ya ada za benki si wa benki. Kikundi kikienda kudai kila kitu bila kuchagua, hata yale madai ya kweli yatapuuzwa.

Makato yasiyo ya haki yako ya aina tano hivi. Tuyaangalie moja moja, pamoja na sheria inayohusika.

1. Makato ya makosa. Ada moja kukatwa mara mbili, malipo ya huduma ambayo hukupewa, au makato yanayoendelea baada ya mkopo kwisha. Hapa hata sheria haihitajiki sana. Ni kosa, na kosa linarekebishwa.

2. Ada ambazo hukuambiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inakataza wanaotoa huduma za benki, mikopo midogo na bima kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla ya kutozwa au kabla ya kupewa huduma. Haijalishi hiyo ada imepewa jina gani. Swali la kuuliza benki ni fupi: "Mlituambia lini, na kwa karatasi gani?"

3. Ada juu ya akaunti ya akiba. Sheria ya Mabenki, kifungu cha 16A, inasema taasisi isitoze ada ya namna yoyote juu ya akaunti ya akiba, wala juu ya pesa zilizowekwa kwa muda maalum. Tena inasema akaunti ya akiba ilipwe riba maadamu salio la chini limetimizwa. Kwa hiyo tazameni fomu mliyojaza siku ya kufungua akaunti. Je, ni akaunti ya akiba au ni ya aina nyingine? Vikundi vingi havijui. Akaunti ya hundi haimo katika kifungu hiki. Benki pia inaweza kujitetea kwamba mnatozwa kwa huduma fulani, wala si kwa akaunti yenyewe. Ndiyo maana ada ya kila mwezi, ambayo inakatwa hata kama hamkukanyaga benki, ni dai lenye nguvu kuliko ada ya kutoa pesa kwenye kaunta.

4. Ada au riba iliyopandishwa bila idhini. Sheria hiyo hiyo ya Mabenki, kifungu cha 44, inakataza benki kupandisha viwango vya ada zake bila kwanza kupata idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi mabenki yalibisha kwamba riba ya mkopo haimo katika kifungu hiki. Mwezi wa Juni 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi kati ya Benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, ikasema kwamba riba nayo imo. Kwa hiyo mteja ambaye riba yake ilipandishwa njiani ana haki ya kuuliza: "Idhini ya Waziri iko wapi?"

5. Riba inayozidi mkopo. Hii ndiyo inayouza mashamba ya watu. Kifungu cha 44A, kilichoanza kutumika Mei 2007, kinaweka mpaka kwa deni ambalo limeshindwa kulipwa. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa kuwa umekwama baada ya siku 90 bila malipo. Kuanzia hapo, benki haiwezi kudai zaidi ya vitu vitatu: deni la msingi lililokuwa limebaki siku mkopo ulipokwama, riba isiyozidi hilo deni la msingi, na gharama za kufuatilia deni.

Mfano: Mlikopa shilingi 100,000. Mkalipa vizuri mpaka deni la msingi likabaki 60,000, halafu ukame ukaja mkashindwa. Miaka ikapita. Benki inaleta barua ya kudai shilingi 185,000, na gharama zake za kufuatilia ni 10,000. Pigeni hesabu: 60,000 ya msingi, 60,000 ya riba, na 10,000 ya gharama. Jumla 130,000. Zile 55,000 zilizozidi, benki haina ruhusa kuzichukua. Kama ilishazichukua, zinadaiwa zirudi.

Jambo moja la kuangalia. Kuna watu wanaosema bado serikali imeweka mpaka wa riba kwa mabenki yote, asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mpaka huo ulikuwepo kuanzia Septemba 2016 mpaka Novemba 2019, kisha Bunge likauondoa. Usiende benki na sheria iliyofutwa. Utachekwa, na lile dai lako zuri litaenda pamoja nayo.

Juu ya sheria hizi zote iko Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa kila mnunuzi wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari anazohitaji, kulindwa mali yake, na kulipwa fidia akipata hasara. Hakikusema mnunuzi awe tajiri au awe amesoma.

TURUDI KWA MFANO WETU

Kikundi cha igizo kina akaunti ya akiba. Sasa wanachagua:

– Ada ya kila mwezi, 1,800: tunadai, maana akaunti ni ya akiba.
– Faini ya salio, 300: tunadai, kwa sababu ile ile.
– Ada ya kutoa pesa: moja ya 200 tunaiacha, maana huduma tulipewa na bei ilikuwa imebandikwa ukutani. Ile ya pili, 200, tunaidai.
– Bima ya mkopo uliokwisha, 1,350: tunadai.
– Ujumbe wa simu, 720: katibu amepata fomu waliyotia sahihi kuomba huduma hiyo, na bei imeandikwa. Tunaiacha. Lakini kikundi kinaweza kuandika kuomba isitishwe kuanzia sasa.

Jumla ya kudai ni shilingi 3,650. Inayoachwa ni 920. Ukijumlisha unapata 4,570, hesabu imefunga. Kama juu ya hizo 3,650 benki ilikata ushuru pia, kikundi kiombe huo ushuru urudi pamoja nazo, maana ada isiyopaswa kuwepo haiwezi kuwa na ushuru.

Mtu anaweza kusema, "Shilingi elfu tatu ni za nini kusumbuana na benki?" Mwambieni apige hesabu. Ile ada ya 150 tu, ikikatwa kila mwezi kwa miaka sita, ni shilingi 10,800. Na kama hamkuuliza, itaendelea mwaka wa saba.

SEHEMU YA TATU: HATUA ZA KUDAI

HATUA YA KWANZA: Kusanyeni karatasi. Mnahitaji fomu ya kufungua akaunti, mkataba wa mkopo kama upo, orodha ya bei za benki, na taarifa za akaunti. Kama mlipoteza mkataba, ombeni nakala kwa barua. Ulizeni kwanza gharama ya taarifa za akaunti za miaka ya nyuma, msije mkatumia pesa nyingi kuliko mnazodai. Sheria ya muda wa kufungua mashtaka inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba, kwa hiyo kwa kawaida makato ya zamani kuliko hapo hayafuatiliki kortini. Msikae na jambo hili mpaka mwaka wa saba.

HATUA YA PILI: Tengenezeni orodha. Chora safu nne: tarehe, jina la makato kama lilivyoandikwa na benki, kiasi, na sababu ya kudai. Jumlisheni mara mbili, watu wawili tofauti. Kosa moja la hesabu linatosha kumpa meneja sababu ya kuwarudisha nyumbani.

HATUA YA TATU: Fanyeni mkutano na muandike kumbukumbu. Kikundi kikubaliane kwamba kinadai pesa hizo, na kiteue watu wa kwenda, afadhali wale wenye sahihi benki. Katibu aandike hayo. Bila kumbukumbu, benki inaweza kuuliza, "Ninyi mmetumwa na nani?"

HATUA YA NNE: Nendeni benki mkaulize kwa adabu. Makosa mengine yanarekebishwa siku hiyo hiyo. Msiende kugombana na keshia, yeye hakuweka hizo bei. Ombeni kumwona msimamizi wa wateja au meneja. Andikeni jina lake, tarehe na alichowajibu. Kama anasema "ni chaji za kawaida", mwombeni awaonyeshe kwenye orodha ya bei na kwenye mkataba wenu.

HATUA YA TANO: Andikeni barua. Maneno ya mdomo yanapotea. Barua inabaki. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba, kwa hiyo usiogope kwamba huwezi Kiingereza. Huu hapa mfano:

    Kwa Meneja,
    Benki ya ………, Tawi la ………
    Tarehe ………

    KUH: KUDAI KURUDISHIWA MAKATO, AKAUNTI NAMBARI ………

    Bwana/Bibi,

    Sisi ni viongozi wa kikundi cha ………, wateja wenu tangu mwaka ……… Tumepitia taarifa ya akaunti yetu kutoka tarehe ……… mpaka tarehe ……… na tumeona makato ya jumla ya shilingi ……… ambayo tunaamini hayakupaswa kukatwa. Orodha yake imeambatanishwa, pamoja na sababu ya kila moja.

    Tunaomba:
    1. Mturudishie shilingi ……… katika akaunti yetu.
    2. Msimamishe makato hayo kuanzia sasa.
    3. Kama hamkubali, mtueleze kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba wetu, au idhini gani, inayowaruhusu kuyakata.

    Tunaomba jibu kwa maandishi katika siku 21. Tusipopata jibu, tutapeleka jambo hili kwa Benki Kuu ya Kenya.

    Wenu,
    Mwenyekiti ……… Katibu ……… Mweka hazina ………

Toeni nakala mbili. Moja ibaki benki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo nyumbani. Bila ule muhuri ni kama hamkuandika. Ombi la tatu msilisahau, kwa sababu linailazimu benki kuonyesha karatasi yake. Mara nyingi hapo ndipo mambo yanapolainika.

HATUA YA SITA: Benki ikinyamaza au ikikataa, pelekeni malalamiko juu. Benki Kuu ya Kenya ndiyo inayosimamia mabenki. Mwongozo wake wa kulinda wateja, uliotumika kuanzia 2013, unaitaka kila benki iwe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Lakini Benki Kuu itauliza kwanza kama mlianza na benki yenu, na ndiyo maana ile nakala yenye muhuri ni muhimu. Anwani ni Sanduku la Posta 60000 – 00200, Nairobi. Benki Kuu pia ina matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret. Kwa ada ambazo hamkujulishwa, mnaweza pia kuandikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

HATUA YA SABA: Mahakama ya Madai Madogo. Hii ni mahakama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Baadaye ilifika miji mingine. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi shilingi milioni moja, na kesi inapaswa kumalizwa katika siku 60. Mnaweza kujisimamia wenyewe bila wakili. Muulizeni karani wa mahakama kama madai yaandikwe kwa jina la kikundi au kwa majina ya viongozi, na ada ya kufungua ni ngapi. Kama deni lina shamba ndani yake, au benki imeshatangaza mnada, msijaribu peke yenu. Tafuteni wakili au shirika linalotoa msaada wa sheria mara moja, na mumwombe athibitishe sheria inasemaje siku hiyo, maana sheria hurekebishwa.

Na kama pesa zenu ziko kwenye Sacco, njia ni tofauti. Anzeni na kamati ya Sacco yenyewe na mkutano mkuu wa wanachama. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, na migogoro ya vyama vya ushirika ina mahakama yake maalum.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Msiache kulipa mkopo kwa sababu mnabishana juu ya makato. Lipeni huku mnadai. Ukiacha kulipa, jina linaweza kupelekwa CRB na dhamana ikaingia hatarini, na wewe uliyekuwa mdai unakuwa mdaiwa.

Benki ikiwapa sehemu ya pesa na karatasi ya kutia sahihi, isomeni yote kwanza. Kama inasema mmekubali na hamtadai tena, kikundi kikae kiamue. Kati ya shilingi 3,650, mkipewa 2,500 leo, pengine ni afadhali kuzichukua kuliko kusafiri mara nne. Pengine siyo. Uamuzi ni wa kikundi chote, si wa mtu aliyebeba kalamu.

Jihadharini na matapeli. Mtu akiwapigia simu akisema ametoka benki na anataka kuwarudishia makato, lakini anaomba nambari ya siri au "ada ya kufungulia faili", huyo ni mwizi. Benki haiombi nambari yako ya siri.

Na msimtume mtu mmoja peke yake. Waende wawili au watatu, wakirudi watoe ripoti kwa wote.

MASWALI YA KUJADILI

1. Akaunti yetu ni ya aina gani? Nani ana fomu tuliyojaza?
2. Mara ya mwisho kuomba taarifa ya akaunti ilikuwa lini? Nani aliisoma?
3. Je, tumewahi kumshuku kiongozi wetu kwa pesa zilizopungua? Tulifuatilia mpaka mwisho? Kama tulimkosea, tufanye nini?
4. Kuna makato gani ambayo tuliyakubali sisi wenyewe kwa kutia sahihi bila kusoma?
5. Kama benki hii ina ada kubwa lakini za haki, tubaki au tuhame? Tulinganishe bei za benki tatu.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Mweka hazina alete taarifa ya akaunti ya miezi 12 iliyopita. Wachaguliwe watu watatu, mmoja wao awe kijana aliyemaliza shule hivi karibuni, waipitie mstari kwa mstari na kuandika makato yote kwenye karatasi kubwa. Mkutano ujao karatasi hiyo ibandikwe ukutani, kila mtu aione. Wale wasiojua kusoma wasomewe kwa sauti, kwa sababu shilingi mia zao ni sawa na za wengine.

Kutoka hapo, kila baada ya miezi mitatu mfanye hivyo hivyo. Makato yakigunduliwa mapema ni rahisi kuyasimamisha, na mweka hazina wenu atalala usingizi.